Kiunzi cha roboti kikigombana na mguu: dalili, chanzo na matengenezo

Kabla hujafungua boksi la kontrola, mvue mvaaji kiatu. Tazama soksi imekunjamana wapi, ngozi imekuwa nyekundu wapi, na soli imelika upande gani. Mara nyingi jibu liko hapo, na bisibisi bado iko mfukoni.

Naandika haya kwa mafundi wa viungo bandia, wanafunzi wa uhandisi na wataalamu wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam ambao wameanza kushika eksoskeletoni, yaani kiunzi cha kuvaa chenye mota au springi kinachousaidia mguu au mgongo. Karakana yetu iko Buguruni. Vingi tunavyotengeneza ni vya kifundo cha mguu na vya goti, kwa watu waliopata kiharusi au ambao misuli yao imedhoofika. Karibu kila anayekuja na kiunzi kinachosumbua husema "programu imeharibika." Mimi huanza na mwili, kwa sababu programu haina habari kwamba mkanda umeshuka sentimita 3. Yenyewe inaamini bado imelishika goti.

Kwanza mwone akitembea bila kiunzi

Kama anaweza kutembea bila hicho kiunzi, hata kwa kushikwa mkono, mpige video ya mwendo wa polepole kwa simu. Simama ubavuni mwake, simu iwe usawa wa goti. Hesabu hatua kamili tangu kisigino kinagusa chini mpaka kisigino kile kile kinagusa tena, na hiyo ndiyo iwe 100. Kwa mtu mzima asiye na tatizo, mguu unakaa chini kama asilimia 60 za mwanzo, na asilimia 40 zilizobaki uko hewani. Kwa aliyepata kiharusi utaona mguu wenye nguvu unakaa chini muda mrefu zaidi, na ule dhaifu unaharakishwa. Andika namba zake kwenye daftari. Kila utakachokifanya baadaye utakilinganisha na namba hizo, si na namba za kwenye kitabu.

"Mkanda unashuka, goti linachubuka"

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa dalili hii ikiachwa inazaa nyingine zote.

Bawaba ya mlango ina pini moja, na mlango unazunguka papo hapo miaka yote. Goti haliko hivyo. Mfupa wa paja unaviringika na kuteleza juu ya mfupa wa muundi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kitovu cha mzunguko kinahama kadiri goti linavyokunjwa. Kiunzi chetu kina beringi moja isiyohama. Hata ukipanga vizuri namna gani, viwili hivi vitapishana kidogo, na kazi yako ni kuhakikisha vinapishana kwa milimita, siyo kwa sentimita. Vikipishana, chuma hakikubali na mfupa haukubali. Anayelipa ni ngozi iliyoko katikati.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Zima mota. Mvaaji asimame, mikanda yote imefungwa, wa paja ukiwa umebana barabara. Chora mstari wa kalamu kwenye ngozi pale ukingo wa juu wa mkanda wa muundi ulipo. Sasa akae kwenye kiti, goti likunjwe nyuzi 90, kisha upime kwa rula mkanda umeuacha mstari kwa kiasi gani na umeelekea upande gani. Katika pembe hiyo, umbali uliosogea unakaribia kuwa sawa na kosa la beringi yako. Halafu muulize, au tazama mwenyewe, panapobana ni mbele kwenye muundi au nyuma kwenye shavu la mguu.

Mkanda ukishuka na muundi ukabanwa mbele, beringi iko juu mno. Ukishuka lakini kinachobanwa ni shavu la mguu, beringi iko nyuma mno. Ukipanda na shavu likabanwa, iko chini mno. Ukipanda na muundi ukabanwa, iko mbele mno. Kata karatasi ndogo, andika mistari hii minne, bandika ukutani. Imeniokolea siku nyingi za kazi.

Mama mmoja fundi cherehani wa Tandika alikuja kwetu na kijana wake. Kiunzi alikuwa amekipata kwingine, na kila alipokwenda nacho kulalamika aliambiwa atakizoea. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia hivi: "Marahaba mwanangu. Hiki kitu kinanivua ngozi, na wao wananiambia nivumilie." Alipopandisha gauni mpaka gotini, palikuwa na mstari mwekundu mbele ya muundi, upana wa kidole gumba, na katikati yake lengelenge lililokwisha kupasuka. Tukapaacha pakauka siku kadhaa ndipo tukapima. Mkanda ulishuka milimita 25 na kubana mbele. Tukatoboa matundu mapya milimita 25 chini ya yale ya zamani, tukahamisha beringi, tukapima tena: milimita 4. La ziada ambalo hatukulitegemea ni kwamba lalamiko lake jingine, kwamba mashine "inachelewa kunyanyua," nalo likaisha. Mota ilikuwa inamaliza sehemu ya kwanza ya mvuto wake kuvuta nyama kabla ya kuuzungusha mfupa.

Pa kuanzia pako hivi. Kwa goti, papasa ubavuni kwa kidole gumba mpaka uuone ufa kati ya mifupa miwili, panda juu kama sentimita 2, kisha kaa nyuma kidogo ya katikati ya upana wa goti ukilitazama kwa ubavu. Kwa kifundo cha mguu, shika vile vinundu viwili vya mifupa. Havilingani: cha nje kiko chini zaidi na nyuma zaidi ya cha ndani, kwa hiyo mhimili wa kifundo umelala mshazari. Ukiuweka mlalo kama ekseli ya mkokoteni, unyayo utasukumwa pembeni kila hatua. Kwa nyonga, tafuta ule mfupa mnene ubavuni juu ya paja, kisha sogea juu kidogo na mbele kidogo. Haya mafundi waliosomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kule Moshi, wanayajua tangu kwenye vyuma vya kawaida visivyo na umeme, na ninaomba wahandisi wenzangu tuwaulize kabla ya kutoboa chochote. Chora alama hizo mvaaji akiwa amesimama, na amevaa kiatu kile kile atakachotembelea. Aliyepimwa na raba kisha akaenda nyumbani akavaa kandambili, umempimia mguu mwingine.

"Kinanisukuma kabla sijawa tayari"

Katika kutembea, kifundo cha mguu ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya msukumo wa kwenda mbele. Misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino hujivuta kama manati wakati mwili unapita juu ya unyayo, kisha huachia. Kilele cha msukumo huo kiko karibu na asilimia 50 ya hatua, na vidole vinaacha ardhi karibu na 60. Dirisha ni dogo sana. Watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walijaribu nyakati mbalimbali za kuanza kusukuma kwa watu wazima wenye afya, wakachapisha mwaka 2013 kwamba walitumia nguvu ndogo kuliko nyakati nyingine zote msukumo ulipoanza karibu na asilimia 43, yaani muda mfupi kabla kisigino cha mguu wa pili hakijagusa chini. Mimi huanzia hapo, kisha namfuata mvaaji mwenyewe.

Msukumo ukija mapema, utaona goti linarudi nyuma kwa ghafla, kama mtu aliyewekewa mkono kifuani. Hatua inafupika. Mvaaji atakwambia anarudishwa. Ukija kuchelewa, unyayo unainamisha vidole wakati mguu umeshaingia hewani, na vidole vinakwaruza chini. Tazama ncha ya kiatu: ikiwa imelika na ina vumbi la lami, huna haja ya kuuliza zaidi. Hili la pili ndilo la hatari, kwa sababu ndilo linaloangusha watu.

Vyanzo ninavyovikuta ni vitatu. Sensa ya kisigino, yaani kihisi kinachojua kisigino kimegusa chini, imewekwa katikati ya unyayo badala ya nyuma kabisa, au mvaaji hatui kwa kisigino kabisa, anatua kwa ubapa wa mguu kama wengi waliopata kiharusi, kwa hiyo sensa inasubiri kitu kisichokuja. Hamishia hesabu kwenye sensa ya mwendo iliyofungwa muundini. Chanzo cha pili ni kulegea kwa waya unaopeleka mvuto wa mota mguuni. Kwa mtu ambaye hatua yake kamili inachukua sekunde 1.1, asilimia 43 ni sekunde 0.47 tu tangu kisigino kiguse. Ulegevu ukikuchelewesha sekunde 0.05, umepoteza asilimia 4.5 ya hatua, na hapo umeshatoka dirishani.

Cha tatu ni cha mji wetu. Programu nyingi hukisia muda wa hatua ijayo kwa kuchukua wastani wa hatua chache zilizopita. Kwenye sakafu ya maabara ni sawa. Mpeleke mtu huyo huyo barabara ya vumbi ya Buguruni: hatua tatu, bodaboda inakatiza, anasimama, anakwepa dimbwi, anaanza upya kwa hatua fupi. Wastani unasema sukuma sasa, na yeye amesimama. Weka sharti kwenye programu: kisigino kisipogusa ndani ya muda uliotarajiwa, msukumo ufutwe, na usirudi mpaka hatua mbili za kawaida zionekane. Ni bora kukosa msaada hatua mbili kuliko kusukumwa ukiwa umesimama kando ya mtaro.

Mota inavuta, mguu hausikii

Viunzi vyetu vingi vinabeba mota kiunoni na kupeleka mvuto kwa waya ndani ya ganda, sawa na breki ya baiskeli. Nyaya hizo tunazinunua Kariakoo kwenye maduka ya spea za pikipiki. Ubaya wake ni kwamba msuguano haupandi kwa kujumlisha, unapanda kwa kuzidisha kadiri waya unavyokunjwa. Chukua msuguano wa 0.1. Waya ukikunjwa jumla ya nyuzi 180, kati ya kilo 10 unazovuta zinafika kama 7.3. Ukikunjwa jumla ya nyuzi 360, zinafika kama 5.3. Karibu nusu imeishia njiani, na hakuna kilichoharibika.

Pima kwa mizani mbili za ndoano, zile za kupimia samaki. Funga moja upande wa mota na nyingine upande wa kisigino, vuta, soma zote mbili, waya ukiwa umepita njia ile ile utakayopita mwilini. Ukikuta tofauti kubwa, nyoosha njia kabla hujafikiria mota kubwa. Waya wenye utando wa plastiki laini ndani ya ganda unastahili bei yake. Usiweke grisi kwenye ganda la aina hiyo, maana grisi inashika mchanga na mchanga unatafuna utando.

"Nikikivaa nachoka kuliko nisipokivaa"

Lalamiko hili lichukulie kwa uzito wote. Kiunzi kinachochosha kimeshindwa kazi yake, hata kama grafu ni nzuri.

Pima uzito wa kilichoko chini ya goti. Kilo moja kiunoni mtu anaibeba bila shida kubwa, lakini kilo hiyo hiyo mguuni inagharimu mara kadhaa zaidi, kwa sababu inabidi irushwe mbele na kusimamishwa kila hatua. Uzito ulio sentimita 80 kutoka nyonga unausumbua mguu unaobembea mara 16 kuliko uzito huo huo ukiwa sentimita 20, kwani umbali huzidishwa kwa wenyewe. Pandisha mota. Pandisha betri. Kata kila bolti iliyozidi urefu.

Kisha zima umeme, mwinue mtu mguu, uuzungushe kwa mkono. Giaboksi ikigoma kurudi nyuma, mvaaji anapigana nayo hatua zote ambazo mota haifanyi kazi. Springi kati ya mota na kiungo inasaidia hapo, na inakupa pia kipimo cha nguvu.

Na usidhani suluhisho ni nguvu zaidi. Mwaka 2015 Steven Collins, Bruce Wiggin na Gregory Sawicki wa Marekani walionyesha kiunzi cha kifundo kisicho na mota wala betri, cha kama nusu kilo kwa mguu, chenye springi na klachi tu, kilichopunguza nishati ya kutembea kwa asilimia 7 hivi. Springi laini mno haikusaidia, na ngumu mno nayo haikusaidia. Ya kati ndiyo iliyofaa. Habari hiyo ilinipa moyo sana, kwa sababu springi na klachi ni vitu ambavyo fundi chuma wa mtaa wa Gerezani hapa Dar anaweza kuvichonga. Miaka miwili baadaye kundi lililomhusisha Collins huyo huyo liliacha kompyuta imtafutie kila mtu namna yake ya kusukumwa kwa kupima pumzi zake akitembea, na nishati ikashuka kwa wastani wa asilimia 24 ukilinganisha na kuvaa kifaa hicho hicho bila msaada. Sisi hatuna mashine ya kupima pumzi. Tunatumia umbali wa kutembea kwa dakika 6, mapigo ya moyo, na neno lake mwenyewe. Tunabadilisha kitu kimoja tu kwa siku, na hatuhukumu siku ya kwanza, maana mwili unahitaji muda kujifunza kuachia kazi.

Mota inachemka akiwa amesimama tu

Mtazame magoti. Akisimama yamepinda, mstari wa uzito unapita nyuma ya goti, na mota inashikilia mwili bila kuzunguka, kwa hiyo umeme wote unaoingia unageuka joto. Joto linafuata mraba wa mkondo: ongeza mkondo kwa asilimia 30, joto linapanda kwa karibu asilimia 70. Ongezea hapo mchana wa Februari wa Dar na ganda la plastiki lisilo na matundu. Weka kifungo cha kufunga goti wakati wa kusimama, au springi ya kubeba uzito huo. Kama magoti yamepinda kwa sababu misuli ya nyuma ya paja imekakamaa, kazi hiyo ni ya fiziotherapia, usiilazimishe kwa mota.

Kinashtuka au kinatetemeka

Kikifanya hivyo kikiwa kwenye chaji tu, chomoa chaji. Umeme wa ukutani wa mizunguko 50 kwa sekunde unaingia kwenye sensa zinazosoma misuli, na kontrola inaudhania ni msuli. Kwa usalama mtu asivae kiunzi kilichochomekwa ukutani hata hivyo.

Kikifanya hivyo baada ya nusu saa ya kutembea, ni jasho: elektrodi, vile vibandiko vya sensa za misuli, zimeteleza au zimegusana kwa unyevu. Kausha, bandika upya, zungushia kitambaa. Kikifanya hivyo siku yoyote bila mpangilio, fungua viunganishi. Hewa yetu ya chumvi inaota ukijani kwenye shaba, na waya unaonekana mzima huku umekatika ndani ya plastiki pale unapokunjwa gotini. Betri iangalie mwisho, na uipime wakati mota inafanya kazi, si wakati imezimwa, kwani seli iliyochoka inaonyesha volti nzuri mpaka utakapoidai mkondo.

Kiunzi cha mgongo kwa wabeba mizigo

Vijana wa sokoni hutuulizia vile vikoti vya springi vya kuinamia. Msuli wa mgongo umekaa kama sentimita 5 tu nyuma ya uti. Ukishika mzigo wa kilo 20 sentimita 40 mbele yako, msuli unabidi uvute kama kilo 160 kwa ajili ya mzigo peke yake, bila kuhesabu kiwiliwili. Hapo springi inasaidia kweli, kwa sababu inavuta pamoja na msuli. Lakini kuli wa Kariakoo hainui hivyo. Wenzake wanamtwika gunia mabegani, mara nyingi lumbesa lililovuka kilo 100 za kisheria, naye anatembea nalo akiwa ameinama. Uzito wote unashuka kwenye uti, magoti na nyayo, na springi ya kuinamia haiuondoi hapo. Inabana mapaja tu na kumwongezea joto. Akikwambia mapaja yanauma na mgongo uko vile vile, hakuna cha kurekebisha. Nimekataa kuwatengenezea, na nitaendelea kukataa mpaka tupate kiunzi kinachoshusha uzito mpaka ardhini.

Pa kusimamisha kazi mara moja

Vua kiunzi kama goti linarudi nyuma kupita kawaida yake, kama mtu amehisi ganzi mpya, au kama kitufe cha kuzimia hakifikiwi na mkono wake wenye nguvu. Hili la mwisho nimelikuta mara mbili: kitufe kiko upande uliopooza.

Wekundu wa ngozi usiotoweka ndani ya dakika 20 hadi 30 baada ya kuvua ni onyo la kidonda, hata kama haumi. Wengi wenye kisukari au waliopata kiharusi hawasikii maumivu vizuri, kwa hiyo usiulize, tazama. Siku za mwanzo tunavua kila baada ya dakika 15, tunatumia kioo kidogo kuona nyuma ya kisigino na chini ya unyayo, na anayetazama pamoja nasi ni ndugu anayeishi naye, ili aweze kuifanya kazi hiyo nyumbani jioni.